Kumlea kwotabeki: maana yake nini?

Ukifuatilia mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, haupiti mwezi hujasikia mchambuzi akisema kwamba timu fulani mbovu "imempata kijana wake" na sasa kilichobaki ni kumwendeleza. Kijana huyo huwa ni kwotabeki, na kumwendeleza huko hutajwa kama kazi ndogo iliyosalia baada ya shughuli kubwa kwisha. Mimi napenda neno letu la kulea. Kulea ni kulisha, kukinga na kufunza. Lakini shangazi akisema "huyu mtoto mnamlea," kwa ile sauti yake, sote tunajua anatulaumu kwa kumdekeza. Katika jambo hili maana zote mbili zimo, na makocha wa Marekani hubishana kila mwaka ya kwanza inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi.

Tuanze na mtu mwenyewe. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, na yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Karibu kila jaribio, wa kwanza kuupokea mpira ni kwotabeki. Hapo anaamua: amkabidhi mkimbiaji aliye karibu, amrushie mpokeaji aliyechomoka mbele, au akimbie nao mwenyewe. Ana kama sekunde tatu, mara nyingi pungufu, huku majitu ya kilo 120 yakimjia kumwangusha. Ukipenda mfananishe na kiungo mchezeshaji wa soka, ila mchezeshaji akiamka vibaya wenzake wanaweza kuubeba mchezo. Kwotabeki akiamka vibaya, hakuna mchezo.

Na mkono wake si kitu cha kwanza. Kabla ya jaribio kuanza, kocha humsemesha kwa redio iliyo ndani ya helmeti, ambayo kwa upande wa washambuliaji ni yeye tu anayeruhusiwa kuwa nayo. Anapewa mpango wa jaribio linalofuata, na mpango huo unaweza kuwa msururu mrefu wa maneno ya siri. Anawarudia wenzake kumi neno kwa neno, wanajipanga, anawasoma walinzi wamesimamaje, na akiona wamegeuza naye anageuza, kwa kupaza sauti katikati ya makelele ya mashabiki. Saa ya kuanzisha jaribio ikibakiza sekunde 15 redio inakatika. Tangu hapo yuko peke yake. Hadi 2023 vijana wengi walitoka kwenye vyuo vikuu ambako mpango uliletwa kwa ishara za mikono na mabango kutoka pembeni ya uwanja, kwa hiyo kulikuwa na waliofika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, hawajazoea kuutamka kwa vinywa vyao mbele ya watu wazima wenye wake na watoto.

Sasa drafti. NFL ina timu 32 na haina kushuka wala kupanda daraja. Kwenye soka yetu timu ya mwisho inashuka. Kule timu ya mwisho inatunukiwa. Kila Aprili ndiyo ya kwanza kuchagua kati ya wachezaji wanaotoka vyuoni, inafuata ya pili kwa ubovu, hadi bingwa anayefunga foleni, kisha raundi ya pili inaanza, mpaka zitimie saba. Kijana hamchagui mwajiri. Drafti ya kwanza ilifanyika 1936, na hoja ilikuwa ya Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu ambayo wakati huo haikuwa na uwezo wa kupandishiana dau na vigogo. Kama njia ya kusawazisha ligi, ni wazo zuri sana. Sijui kama mashabiki wa Simba na Yanga wangelikubali hata wiki moja.

Lakini litazame kwa jicho la huyo kijana. Mtoto anayehitaji malezi kuliko wote anapelekwa nyumba yenye paa linalovuja kuliko zote. Timu haiwi ya mwisho kwa bahati mbaya tu. Mara nyingi wale vibonge watano wanaosimama mbele ya kwotabeki ili asifikiwe ni dhaifu, wapokeaji wanaangusha mipira, na kocha yuko mguu ndani mguu nje. Humo ndimo anamoambiwa akue.

Watetezi wa kumtumbukiza kijana uwanjani siku ya kwanza wana mifano yao. Troy Aikman, namba moja wa 1989, yaani aliyechaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya mwaka huo, alianza mechi 11 za Dallas mwaka huo na kupoteza zote 11. Baadaye aliwapa mataji matatu. Peyton Manning, namba moja wa 1998, alinaswa na wapinzani pasi 28 katika msimu wake wa kwanza, rekodi ya chipukizi ambayo hakuna aliyeivunja, na Indianapolis ikashinda mechi tatu tu. Mwaka uliofuata ilishinda 13. Kwa hiyo, wanasema, mateso hukomaza.

Mimi huwa nawauliza habari za David Carr. Mwaka 2002 Houston Texans ilikuwa timu mpya kabisa, ikamchukua namba moja, ikamweka nyuma ya ukuta wa mabua. Msimu huo aliangushwa na mpira mkononi mara 76, na hadi leo hakuna aliyeangushwa zaidi katika msimu mmoja. Mwaka wake wa nne bado alikuwa anaangushwa: mara 68. Baada ya mitano wakamwacha aende. Mtu aliyezoea kupigwa huanza kuwatazama wanaomjia badala ya kuwatazama wapokeaji, na hilo ni tabu kulifuta. Aikman naye alipigwa, lakini nyumba yake ilikuwa inajengwa huku yeye anaumia: mpokeaji Michael Irvin alikuwapo tayari, timu ilimuuza mkimbiaji wake Herschel Walker katikati ya msimu ule ule wa 1989 na kuvuna lundo la nafasi za drafti, na 1990 akaja mkimbiaji Emmitt Smith. Kipigo chake kilikuwa na mwisho unaoonekana.

Kisa kinachoieleza dhana hii kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni cha Jared Goff. Los Angeles Rams walipanda kutoka nafasi ya 15 hadi ya kwanza ili wampate 2016. Kocha Jeff Fisher alimweka benchi, akamwingiza uwanjani katikati ya Novemba, kisha yeye mwenyewe akafukuzwa Desemba. Goff alianza mechi saba, akapoteza saba. Aliangushwa mara 26. Rams ndio waliofunga pointi chache kuliko timu zote za ligi, 224, na tayari kulikuwa na watu wanaomwita kijana wa miaka 22 kazi bure.

Januari 2017 timu ikamwajiri Sean McVay, aliyekuwa na miaka 30, kocha mkuu mdogo kuliko wote katika zama hizi za ligi. Upande wa kushoto, ambao kwotabeki wa mkono wa kulia huupa mgongo, wakamsimamisha Andrew Whitworth, mzee wa miaka 35 aliyetoka Cincinnati. Wakaleta wapokeaji: Robert Woods, Sammy Watkins, na chipukizi wa raundi ya tatu aitwaye Cooper Kupp. Goff yule yule, mkono ule ule. Mwaka huo alicheza mechi 15 na kuangushwa mara 25, yaani pungufu ya zile saba za mwanzo. Pasi zake za mabao zilikuwa 28, zilizonaswa saba. Rams walifunga pointi 478, nyingi kuliko timu yoyote.

Hapa ndipo shangazi anapoingia. McVay alikuwa akiwaharakisha wachezaji wajipange mapema ili azitumie sekunde za redio zote: walinzi wakishasimama, yeye anawasoma na kumwambia Goff la kufanya kabla redio haijakatika. Je, huko ni kufunza au ni kumbebea mtoto madaftari? Wapinzani walijibu kwa kusubiri redio ikatike ndipo wageuze ulinzi. Februari 2019 kwenye fainali dhidi ya New England, Rams walipata pointi tatu tu. Miaka miwili baadaye walimpeleka Goff Detroit na kumchukua Matthew Stafford. Wengi tulidhani ni mazishi. Kumbe Detroit ilikuwa na ukuta imara, na kuanzia 2022 kocha wa mashambulizi akawa Ben Johnson, aliyempangia mashambulizi kwa kuangalia anachokiweza. Januari 2024 Detroit ilishinda mechi ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 1991, na waliofungwa siku hiyo, 24 kwa 23, ni Rams. Uwanja mzima uliimba jina la Goff.

Kwa hiyo nikiulizwa maana ya kumlea kwotabeki, nitasema ni mambo matatu kwa mpangilio huu: kumzuilia kipigo, kumpa mtu mmoja wa kumfundisha asiyebadilishwa kila mwaka, kisha ndipo kumwongezea mzigo wa kuamua. Timu mbovu huanza na la tatu.

Kwa nini? Fedha na saa. Sam Bradford, namba moja wa 2010, alisaini mkataba wa dola milioni 78, milioni 50 kati yake zikiwa za uhakika, hajarusha hata pasi moja. Mwaka uliofuata kanuni zikabadilika na Cam Newton, namba moja pia, akapata kama milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kwotabeki chipukizi amekuwa mali ya bei rahisi mno. Linganisha: 2024 Dak Prescott wa Dallas alisaini kwa wastani wa milioni 60 kwa mwaka, wakati timu nzima haikuruhusiwa kupita milioni 255.4 za mishahara. Ukiwa na kijana anayecheza vizuri kwa bei ya chipukizi, unabaki na chenji ya kununua ukuta, wapokeaji na walinzi. Ila ni miaka minne tu, na kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza timu ina hiari ya kuongeza wa tano, uamuzi unaopaswa kutolewa baada ya msimu wa tatu. Mmiliki anahesabu. Kocha aliyekalia kuti kavu hawezi kumwambia mmiliki huyo asubiri.

Ndiyo maana ushauri wa "mweke benchi ajifunze" ni mtamu mdomoni kuliko utekelezaji wake. Patrick Mahomes wa Kansas City alikaa nyuma ya kwotabeki mzoefu Alex Smith mwaka 2017, akaanza mechi ya mwisho tu, na 2018 akatupa pasi 50 za mabao. Aaron Rodgers alisubiri miaka mitatu nyuma ya Brett Favre, na Jordan Love miaka mitatu nyuma ya Rodgers. Lakini Kansas City ilikuwa imeshinda mechi 12 mwaka uliotangulia, na ilipanda kutoka nafasi ya 27 kumfuata Mahomes kwa hiari yake. Timu mbovu haina Alex Smith. Ingekuwa naye isingekuwa mbovu. Halafu benchi lenyewe si darasa, kwa sababu mazoezi ya wiki humwendea anayecheza Jumapili na wa pili huokota makombo.

Kuna pia kosa la kuuza paa ili ununue kitanda cha mtoto. Mwaka 2023 Carolina waliipa Chicago nafasi mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili, na D.J. Moore, mpokeaji wao bora, ili wamchukue Bryce Young. Wakabaki hawana wa kumrushia. Kocha Frank Reich alifukuzwa baada ya mechi 11, timu ikamaliza na ushindi mara mbili, na 2024 Young akawekwa benchi baada ya mechi mbili. Aliporudi alionekana mtu mwingine, ametulia, ingawa kwa miezi kadhaa nchi nzima ilishamtangaza kuwa ameshindikana.

Sisemi kila anayeanguka ameangushwa na nyumba. Ryan Leaf, aliyemfuata Manning 1998, na JaMarcus Russell, namba moja wa 2007 ambaye Oakland iliachana naye 2010 na hakucheza tena NFL, hawakulipa timu zao hata nusu ya walichopewa. Ila kumpima mtu haraka ni hatari. Oktoba 2019 kinasa sauti kilimnasa Sam Darnold wa New York Jets akisema anaona mizimu, usiku walipofungwa 33 kwa 0. Alichekwa miaka. Mwaka 2024, timu yake ya nne, Minnesota ilishinda mechi 14 kati ya 17 yeye akiwa kwotabeki.

Moja ya zile nafasi Carolina walizoipa Chicago, ya drafti ya 2024, ilikuja kuwa ya kwanza, na Chicago wakamchukua Caleb Williams. Msimu wake wa kwanza aliangushwa mara 68, sawasawa na Carr wa 2005; kocha wa mashambulizi akafukuzwa Novemba, na kabla mwezi haujaisha kocha mkuu akamfuata. Nilidhani naijua hadithi inayofuata. Januari 2025 Chicago wakamwajiri Ben Johnson, yule wa Goff. Miezi ya mwanzo, kabla Williams hajarusha mpira hata mmoja chini yake, timu ikaleta vibonge watatu wapya wa kusimama katikati mbele yake: Joe Thuney kutoka Kansas City, Jonah Jackson kutoka kwa Rams, Drew Dalman kutoka Atlanta. Msimu huo Williams aliangushwa mara 24.