Je, wajua? Kwa nini maji yanayotoka kwa mashine ya boti ni moto

Ukishuka basi Mokowe ukapanda boti kuvuka kwenda Amu, yaani kisiwa cha Lamu, jaribu ukae nyuma karibu na nahodha. Pale ubavuni mwa mashine utaona mchirizi wa maji unaruka muda wote, watu husema mashine inakojoa, na nahodha kila saa anautupia jicho manake ukikatika tu lazima azime haraka kabla mashine haijaungua. Siku moja nikanyoosha mkono nikayakinga yale maji. Vuguvugu kabisa, kama maji ya kuogeshea mtoto, na bahari ilikoyavuta haiko hivo.

"Nahodha, mbona maji yanatoka moto?"

"Hiyo ndo petroli yako, mwanangu," akanijibu bila hata kugeuka.

Nilidhani ananitania. Kumbe amenipa fizikia nzima kwa sentensi moja.

Iko hivi. Nishati haipotei na haiumbwi upya, inabadilisha sura tu: petroli inaungua inakuwa joto, joto linasukuma pistoni, pistoni inazungusha shafti, shafti inazungusha propela, propela inasukuma boti. Shida ni kwamba kila ikibadilisha sura kuna sehemu inachepuka njiani, na ukisikia watu wanasema nishati "imepotea" wanamaanisha imeenda mahali ambapo wewe hukuitaka. Sasa chukua petroli ya shilingi 100. Kwa hesabu ya kukadiria, kama shilingi 25 hivi ndo zinafika kwenye shafti. Zile 75 zingine zinatoka kama joto, nyingi kwa moshi na nyingine kwa yale maji yanayopozea mashine, na kelele pia, ingawa kelele yote ile inayokuziba maskio ni senti tu. Na kama ni zile mashine za zamani za kuchanganya petroli na oili ndo balaa zaidi, manake petroli nyingine inatoka na moshi hata haijaungua, ndo ule utando wa rangi rangi unaouona unaelea gatini na ile harufu.

Halafu hizo 25 nazo zikifika kwa propela, karibu nusu zinaishia kukoroga maji na kufanya povu. Kwa hivo kinachosukuma boti yenyewe ni shilingi 12 hivi, labda 15 ukibahatika.

Mtu atasema basi hawa mafundi wanaotengeneza mashine ni wazembe. La. Mfaransa mmoja kijana, Sadi Carnot, alilionyesha hili tangu 1824: mashine yoyote inayokula joto ili itoe kazi lazima sehemu ya lile joto iimwage mahali penye baridi zaidi, hakuna ujanja hapo. Mimi nililielewa nilipokumbuka tulivyokuwa watoto chuoni, yaani madrasa. Mwalimu akisema haya nendeni, watoto hamsini waliokuwa wamekaa safu wanamwagika kila upande, mmoja anakimbilia gatini, mwingine kwa bibi, mwingine yuko juu ya punda, na hio kazi inachukua sekunde tatu. Kuwarudisha kwenye safu, wote waangalie upande mmoja, jaribu. Joto ndo hao watoto. Ni chembechembe zinazogongana ovyo kila upande, na pistoni inataka msukumo wa upande mmoja tu, kwa hivo inapata wale wachache waliokuwa wanakimbia upande wake na wengine wote wanapita zao. Ndo maana pia upotevu karibu wote mwisho wake ni joto, kutawanyika ni rahisi kuliko kujipanga.

Ukishalijua hili utaliona nyumba nzima. Ile balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, mwanga wake ni kama wati 3 tu, zile 57 zote ni joto, yaani ulikuwa umetundika jiko darini ambalo kwa bahati linawaka kidogo. Taa za LED za sahii zinakula wati 9 hivi na zinakupa mwanga ule ule. Lakini kuna mama jirani yangu anafuga kuku, yeye balbu zake za zamani amezificha kama dhahabu, anaziwasha kwa boksi la vifaranga. Kwake yeye zile wati 57 ndo mali na mwanga ndo upotevu, wala vifaranga hawasomi gazeti. Balbu ni ile ile na stima ni ile ile, kilichobadilika ni anachokitaka mwenye nayo.

Kwa jiko mambo ni machungu zaidi. Kuchemsha lita moja ya maji, kama joto lote lingeingia ndani ya maji, ungehitaji makaa gramu 10 tu, kijipande cha kushika na vidole viwili! Sasa angalia unavyojaza seredani. Jiko la bati tupu linapoteza karibu nne kwa tano ya moto wake, ubavuni, chini, na kuzunguka sufuria, ndo maana ukipika mchana wa kaskazi unatoka jasho wewe kabla maji hayajachemka. Yale majiko yenye udongo ndani yaliyosambaa Kenya miaka ya 1980 yanasaidia sana kwa sababu udongo unauzuia moto usikimbilie kwa bati. Na mfuniko jamani, funika sufuria, ni bure.

Feni ndo watu wengi hawaamini. Feni haipozi chumba, haina baridi yoyote ndani yake, inakausha jasho lako na jasho likikauka linaondoka na joto la ngozi. Ukitoka ukaiacha inazunguka chumba kitupu, tokeni zinaisha na chumba kinaongezeka joto, kidogo lakini kinaongezeka, manake injini yake ina moto na upepo wake unajisugua kwa kuta mpaka unatulia.

Na hapo kwa kutulia ndo ninataka kukurudisha kwa boti, kwa sababu zile shilingi 12 za halali bado hatujazimaliza. Nahodha akifika Amu anazima mashine, boti inateleza kidogo, inasimama. Nishati iliyokuwa inaisukuma iko wapi? Mwingereza James Joule, huyo ambaye jina lake ndo kipimo cha nishati, miaka ya 1840 alikoroga maji kwa mapanga madogo yaliyokuwa yanazungushwa na mizigo inayoshuka, akapima, akakuta maji yamepata joto kulingana na kazi iliyofanywa. Boti nayo njia nzima kutoka Mokowe inayapasua maji, inayasukuma, inayasugua, mawimbi yanaenda yanafia kwenye mikoko, na yote hayo yanaishia kuwa joto ndani ya bahari, dogo sana huwezi kulisikia kwa mkono.

Yaani ukikanyaga gati la Amu, shilingi 100 zote zimeshakuwa joto, kwenye maji na hewani, pamoja na zile 12. Tofauti yao na zile zilizokojolewa ubavuni ni kwamba hizo 12 zilikupitisha wewe Amu kwanza.