Umbali wa kusimama ni nini?

Anayejiandaa kwa mtihani wa nadharia wa udereva hukutana na neno hili mapema, na wengi hulikariri kama jedwali la kuzidisha: mwendo huu, mita hizi. Swali likigeuzwa kidogo tu, jedwali linayeyuka kichwani.

Umbali wa kusimama ni mita ambazo gari hula tangu dereva aone hatari hadi magurudumu yatulie kabisa. Una vipande viwili. Cha kwanza ni umbali wa kutambua: mpira umeingia barabarani, jicho limeuona, lakini mguu bado uko kwenye mafuta. Tuseme hapo imepita sekunde moja. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hizo ni takriban mita 14, na breki haijaguswa. (Kupata mita kwa sekunde, gawa mwendo kwa 3.6.) Cha pili ni umbali wa breki, kuanzia mguu unapokanyaga.

Mtego uko hapa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kipande cha kwanza huongezeka mara mbili, ila cha pili huongezeka mara nne. Kwenye lami kavu, gari lenye breki nzima likiwa 50 huhitaji kama mita 14 nyingine, jumla 28. Likiwa 100, ni 28 za kutambua na karibu 55 za breki, yaani zaidi ya 80. Anayejibu 56 amezidisha kwa mbili akaishia hapo.

Maswali ya "nini huathiri nini" nayo hujibika kwa vipande hivyohivyo. Uchovu, pombe na simu hurefusha cha kwanza. Lami iliyolowa na tairi kipara hurefusha cha pili. Tairi mpya hazimsaidii anayesinzia, angalau si katika ile sekunde ya mwanzo.

Kwa mwendo mkubwa kama 100, kanuni ya kukaa sekunde mbili nyuma ya gari jingine ni fupi kuliko umbali huu kwa sababu gari la mbele nalo halisimami papo hapo. Chagua nguzo. Gari la mbele likiipita, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukiifikia kabla hujamaliza, umelikaribia mno. Barabara ikiwa imelowa, hesabu hadi nne.