Wingi wa maiti haunogeshi filamu ya mapigano

Katika mabanda ya video ya Ujiji na Mwanga, mjini Kigoma, wengi hushikilia kwamba filamu ya mapigano hunoga kwa wingi wa risasi na maiti, na kwamba stelingi wa kweli haguswi. Filamu zinazosifiwa zaidi zinaonyesha kinyume.

Katika First Blood ya mwaka 1982, Sylvester Stallone anamwigiza Rambo, askari aliyepigana Vietnam, na katika filamu nzima anakufa mtu mmoja tu, kwa kuanguka kutoka kwenye helikopta. (Wanaomkumbuka akifyeka majeshi wanazikumbuka filamu zilizofuata.) Kinachomshika mtazamaji ni kwamba amemwona Rambo akionewa na polisi wa mji mdogo kabla hajajibu, hivyo kila pigo lina sababu.

Mfano ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, ni Die Hard ya mwaka 1988, ambamo polisi anayeigizwa na Bruce Willis anakabiliana na majambazi ndani ya jengo moja refu la Los Angeles akiwa pekupeku. Kiongozi wao, mtu mwerevu mwenye mpango wake, anapoigundua miguu hiyo mitupu anaamuru vioo vipigwe risasi ili sakafu ijae vipande. Kuanzia hapo kila hatua ina gharama, na stelingi anayevuja damu anatutia wasiwasi ambao asiyeumia hawezi kuutia. Milipuko nayo ina nafasi yake, lakini hunoga pale tu mtazamaji anapojua nani yuko wapi na nini kitapotea.