Maandalizi ya Mtoto Mchanga kwa Familia Yenye Kipato Kidogo

Wajawazito wengi wanaohudhuria kliniki hapa Moshi hutuuliza wanunue nini kabla mtoto hajazaliwa. Tunapozungumza nao tunagundua mara nyingi kwamba fedha imekwisha kwenye kitanda kidogo, mablanketi na makopo ya maziwa, huku nauli ya usiku ya kwenda hospitali na chakula cha mama baada ya kujifungua havijatengewa hata shilingi. Tunashauri mpangilio uwe kinyume chake: safari ya kujifungua itangulie, mama afuate, na vitu vya mtoto vije mwisho.

Kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12 kunasaidia hata mfuko, kwa sababu familia inayoweka shilingi 5,000 kila wiki tangu hapo hadi wiki ya 40, iwe katika kikoba au katika simu, itakuwa na shilingi 140,000. Muulizeni mkunga mapema vifaa ambavyo kituo chenu huwataka wajawazito waje navyo, ili msivinunue kwa pupa uchungu ukiwa umeanza. Kubalianeni pia na dereva wa bajaji au teksi wa jirani, hasa ninyi mnaoishi migombani juu, ambako mvua za masika huharibu njia. Dharura ikitokea kwa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, pigeni namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa kwenda hospitali, ambayo hailipiwi.

Nguo za mtoto hazihitaji fedha nyingi. Mtoto hukua haraka mno, na nguo za mitumba za Soko la Memorial, au zile alizoziacha binamu yake, zinamfaa kabisa zikifuliwa kwa sabuni, zikaanikwa juani na kupigwa pasi pande zote mbili. Pasi si ya urembo: yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake hupenya ngozi ya mtoto. Kwa nepi, fanyeni hesabu wenyewe, kwa kuwa pampasi sita kwa siku ni 180 kwa mwezi, ilhali nepi za kitambaa 24 hufuliwa na kumhudumia hata mdogo wake atakayefuata.

Baridi ya Juni na Julai ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, maana mtoto mchanga hupoteza joto upesi, hasa kupitia kichwani. Kofia, soksi na kanga mbili kavu zinatosha kuanzia, na joto lililo bora halinunuliwi: ni la kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakiwa wamefunikwa. Tunawasihi msiweke jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa alimolala mzazi na mtoto, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu na inaweza kuwaua wakiwa usingizini.

Maziwa ya kopo yasiwemo kwenye bajeti isipokuwa mtaalamu wa afya ameshauri. Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na kwa miezi sita ya mwanzo asipewe kitu kingine, hata maji, isipokuwa dawa alizoandikiwa. Fedha hiyo ielekezwe kwenye chakula cha mama. Wazee wa Kichaga waliliona hili zamani, ndiyo maana mzazi alipumzishwa kwa takriban miezi mitatu huku mama mkwe akimpikia mtori na supu, na sisi tunaona utaratibu huo una thamani kuliko zawadi yoyote ya dukani. Kwa hiyo ndugu wakiuliza walete nini, waambieni bila haya: ndizi, nyama, maharage, mboga za majani, sabuni ya kufulia, na mtu mmoja wa kuchota maji na kufua nepi kwa wiki chache za mwanzo.