"Tutaonana": Wakristo wanaamini nini kuhusu kukutana tena na wapendwa wao

Kiswahili kina neno moja kwa stendi na kwa makaburini: tutaonana. Anayepanda basi la Mbeya huambiwa hivyo, na anayeshushwa kaburini naye huambiwa hivyo. Neno lenyewe limebeba dai kubwa kuliko tunavyofikiri, kwa sababu ya ile "-an-" iliyomo ndani yake: mimi nimwone, naye anione. Anayelitamka huku ameshika udongo hasemi tu kwamba marehemu yuko mahali fulani pazuri. Anasema watajuana. Sisi tunaofundisha Biblia hatumalizi mwezi bila kuulizwa kama dai hilo lina msingi au ni maneno tu ya kumfariji mfiwa.

Msingi upo, na ni wa zamani sana. Mnamo mwaka 50 hivi, Paulo akiwa Korintho aliandikia kanisa changa la Thesalonike. Wataalamu wengi wanaihesabu barua hiyo kuwa andiko la kwanza kabisa la Agano Jipya. Waumini wale walitazamia Yesu arudi upesi, wao wenyewe wakiwa hai. Kisha baadhi yao wakaanza kufa, na waliobaki wakaingiwa na hofu: Bwana akija leo, je, wenzetu walio kaburini watakosa? Paulo akawajibu: "Kisha sisi tulio hai, tuliosalia, tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu, ili tumlaki Bwana hewani, na hivyo tutakuwa pamoja na Bwana milele."

Wahubiri wengi hupenda mawingu na parapanda, wakalipita "pamoja nao" kama kituo ambacho basi halisimami. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa juu ya wenzao, na jibu liko katika maneno hayo mawili. Tazama pia yanakoelekea: pamoja nao, kisha pamoja na Bwana. Mkutano wa ndugu umo ndani ya mkutano na Kristo, na Mkristo hatarajii mbinguni kuwe kikao cha ukoo ambacho Kristo amealikwa tu. Wala Paulo hakukataza kilio. Alisema wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini." Wale wanaomnyamazisha mjane kwa kumwambia "usilie, wewe umeokoka" wameongeza amri ambayo mtume hakuitoa.

Makanisa huachana njia kwenye swali la lini. Wakatoliki, Waorthodoksi na sehemu kubwa ya Walutheri na Waanglikana hufundisha kwamba aliyekufa katika Kristo yuko naye tangu sasa, akingojea ufufuo wa mwili siku ya mwisho. Hutaja maneno ya Yesu kwa mhalifu aliyesulubiwa naye: "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Waadventista Wasabato hawakubali. Kwao aliyekufa amelala, hajui neno lolote, kama kisemavyo kitabu cha Mhubiri, na uso atakaouona akifumbua macho ni wa asubuhi ya ufufuo. Lile neno "leo" wao hulisoma upande wa pili wa mkato: nakuambia leo, utakuwa pamoja nami. Wana haki ya kuuliza hivyo, kwani nakala za kale za Kigiriki hazikuwa na mikato, ingawa wafasiri wengi hawawafuati. Hata hivyo aliyelala fofofo hahesabu saa. Kwake yeye, kati ya kufumba macho na kuonana hakuna kungoja.

Wakatoliki wanaongeza jambo jingine: ushirika wa watakatifu haukatwi na kifo. Ndiyo maana jumuiya ndogondogo hupeleka nia za misa kwa ajili ya marehemu, na tarehe 2 Novemba makaburi hufagiliwa na kuombewa. Sala yao huwaombea walio toharani, yaani wanaotakaswa baada ya kifo, wafikishwe kwenye mwanga wa milele. Waprotestanti wengi huona sala hiyo haina msingi katika Maandiko, na mabishano hayo yana miaka 500.

Hapa kwetu mjadala una mizizi mingine pia. John Mbiti (1931–2019), kasisi Mwanglikana na mtaalamu wa dini kutoka Ukambani, Kenya, aliyaeleza mawazo ya Kiafrika kuhusu wakati kwa kutumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Mtu akifa, alisema Mbiti, haondoki mara moja. Maadamu yuko hai mtu aliyemfahamu na anayemtaja kwa jina, marehemu bado yumo katika Sasa: humwagiwa kinywaji, hutokea ndotoni, mjukuu hupewa jina lake. Hao Mbiti aliwaita wafu walio hai. Baada ya vizazi vinne au vitano, mtu wa mwisho anayemkumbuka naye akifa, marehemu huzama katika Zamani. Wanafalsafa wengine, Kwame Gyekye wa Ghana akiwa mmojawapo, waliyapinga maelezo yake kuhusu wakati, lakini picha hiyo inasaidia sana kuelewa kilichobadilika Injili ilipofika. Mafundisho mapya yaligeuza mkondo. Marehemu hazidi tena kwenda mbali kadiri wajukuu wanavyosahau. Ajaye kukutana nasi yuko mbele, na jina lake linatunzwa na Mungu hata ukoo ukiisha. Lakini familia ilipoteza pia kitu: ukaribu wa kila siku ulibadilishwa na siku isiyojulikana. Nadhani ndiyo sababu watu wasiokosa ibada bado huacha chakula kidogo pembeni, wakinong'ona.

Swali ninaloulizwa kuliko yote linahusu ndoa. Mwanamke aliyefiwa akaolewa tena atakuwa wa nani? Masadukayo, kundi la Wayahudi lisiloamini ufufuo, walimletea Yesu swali hilo wakiwa na nia ya kumcheka, kwa kisa cha ndugu saba waliorithiana mjane mmoja. Msomaji wa Ulaya hulazimika kuelezwa desturi hiyo. Sisi wa huku kurithi mjane tunakujua. Yesu akajibu kwamba katika kiyama "hawaoi wala hawaolewi". Wengi husikia hapo kwamba mapendo yamefutwa, lakini Luka anatoa sababu: "wala hawawezi kufa tena". Mjane hurithiwa kwa kuwa kuna kifo na kuna ukoo unaohitaji mrithi. Kifo kikiondoka, desturi haina kazi. Hakuna aliposema kwamba mume na mke hawatajuana. Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni) peke yao wanafundisha ndoa ya milele inayofungwa hekaluni, fundisho ambalo makanisa mengine hayalipokei.

Kuhusu kutambuana, Injili ya Yohana ina tukio fupi. Mariamu Magdalene anamwona Yesu aliyefufuka na kumdhania mtunza bustani, mpaka anapoitwa kwa jina lake.

Kuna maswali magumu zaidi, na ninawaomba wachungaji wayajibu taratibu. Mama aliyepoteza mtoto kabla ya ubatizo ni mmoja wa wanaouliza. Kwa karne nyingi wanateolojia wa Kikatoliki walizungumzia limbo, mahali pasipo mateso lakini pasipo kumwona Mungu. Halikuwahi kuwa fundisho la lazima, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia huko Vatikani ilisema kuna sababu nzito za kutumaini wokovu wa watoto hao. Na kuhusu ndugu aliyekufa bila kuamini, anayemtangazia jehanamu mbele ya watoto wake anasoma hukumu ambayo hakukabidhiwa.

Mwaka 387, Monika, mama wa mwanateolojia Augustino, aliugua katika bandari ya Ostia nchini Italia, akingojea meli ya kumrudisha nyumbani Afrika ya Kaskazini. Alikuwa na miaka 56. Kwa muda mrefu alikuwa ameandaa kaburi karibu na mumewe, Patrisio, akitamani watu waseme kwamba baada ya safari yote ya baharini udongo wa wawili hao umefunikwa na ardhi moja. Anayejua michango inayopitishwa mjini ili mwili ufike kijijini atamwelewa mara moja. Lakini alipozidiwa aliwaambia wanawe wamzike popote, mradi wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Rafiki za Augustino walipomuuliza kama haogopi kuacha mwili wake mbali na kwao, alijibu kwamba kwa Mungu hakuna lililo mbali, wala hana hofu kwamba Mungu hatajua pa kumfufulia.

Walimzika Ostia. Miaka kama kumi baadaye Augustino aliandika habari hizo, akawaomba wasomaji wake wamtaje Monika altareni. Akaandika na jina la Patrisio kando ya lake.