Je, wajua nani hula amoksilini inayoshuka kuelekea Ziwa Victoria?

Mgonjwa wa Mabatini, jijini Mwanza, akimeza amoksilini, dawa ya kuua bakteria, zaidi ya nusu ya dawa hiyo hutoka na mkojo ndani ya saa chache, ikiwa bado na nguvu zake. Mlimani kule nyumba zimejengwa juu ya mawe na mashimo ya vyoo ni mafupi. Mvua ikinyesha, yaliyofurika hushuka hadi Mto Mirongo, nao humwaga maji yake ziwani. Mbona basi dawa hii hairundikani majini mwaka hadi mwaka? Ukubwa wa ziwa, karibu kilometa za mraba 68,800, huizimua. Lakini pia dawa hii ina walaji.

Walaji wenyewe ni bakteria, ndugu wa walewale inaokusudiwa kuwaua. Ndani ya amoksilini, kama ilivyo kwa penisilini, kuna pete ya atomu nne: tatu za kaboni na moja ya naitrojeni. Pete hiyo ndiyo huzuia bakteria kujenga ukuta wake. Bakteria wengi wana kimeng'enya kinachoitwa beta-laktamase, ambacho hutumia maji kuipasua pete hiyo. Ikishapasuka, dawa haina kazi tena. Watafiti Abraham na Chain walikieleza kimeng'enya cha aina hii mwaka 1940, kabla penisilini haijaenea hospitalini.

Wapo wasioishia kujikinga. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa wamepata bakteria wa udongoni waliostawi kwa kulishwa dawa za aina hii peke yake, bila chanzo kingine cha kaboni. Kwa penisilini, baada ya pete kupasuliwa, kimeng'enya cha pili hukata kipande cha pembeni, na kipande hicho humeng'enywa kama chakula kingine chochote.

Ustadi huu ni wa kale sana. Kuvu na bakteria wa udongoni walikuwa wakitengeneza dawa hizi kupigana wao kwa wao kabla ya kuwapo viwanda; streptomaisini, kwa mfano, ilipatikana kwa bakteria wa udongo mwaka 1943. Jeni za usugu, yaani zile zinazowawezesha bakteria kuhimili dawa, zimekutwa hata katika ardhi iliyoganda huko Kanada kwa miaka 30,000.

Si kila dawa huliwa kwa urahisi. Siprofloksasini, dawa nyingine ya kuua bakteria, hung'ang'ania tope, na bakteria huisumbukia sana. Mwanga wa jua huivunja vizuri zaidi, ila ndani ya tope jeusi mwanga haufiki, kwa hiyo hukaa humo muda mrefu.

Linalonitia hofu zaidi ni hili: jeni inayotengeneza beta-laktamase mara nyingi hukaa kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa aina nyingine. Katika majitaka, bakteria wa hospitalini, wa majumbani na wa udongoni hukutana wakiwa wamesongamana, na dawa kidogo iliyobaki huwapendelea wenye jeni hiyo. Dawa ikishavunjwa imetoweka, lakini jeni hunakiliwa kila bakteria anapogawanyika. Ndiyo maana maji ya Mirongo yakipimwa amoksilini tu, na isionekane hata chembe, kipimo hicho hakitoshi kuyaita salama. Jeni za usugu nazo zinapaswa kupimwa.