Fundo la Mfuko wa Makombo na Tumbo la Mbuzi

Mbuzi anayechokoachokoa jalala la mtaani hali plastiki kwa ujinga. Anafuata chakula kilichomo ndani yake. Makombo ya wali, mchuzi na mifupa yanapofungwa fundo katika mfuko laini, mfuko wenyewe hulowa chumvi na mafuta, na mnyama asiye na vidole vya kufungulia fundo humeza vyote kwa pamoja.

Kinachofuata huenda polepole. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, chakula huchachuka kwanza katika tumbo kubwa liitwalo rumeni, kisha hupitia tundu dogo kuelekea matumbo mengine. Majani yaliyocheuliwa yakalainika hupita. Plastiki, isiyosagika wala kuoza, hubaki, na kila mfuko mpya hujisokota na ya zamani, pamoja na kamba na vipande vya nguo, hadi kuwa donge gumu. Mfugaji huona tumbo limejaa, akadhani mnyama ameshiba, kumbe mbavu zinatokeza na maziwa yanakauka. Mara nyingi tatizo hugundulika machinjioni, mkaguzi wa nyama anapopasua rumeni na kuvuta mfuko mmoja, ukafuatwa na mwingine, na mwingine. Hakuna dawa ya kuliyeyusha donge hilo. Daktari wa mifugo hulitoa kwa kupasua ubavu wa kushoto, gharama ambayo mwenye mbuzi mmoja huona ni heri achinje.

Makombo matupu nayo yana hatari yake: ugali, wali au mkate mwingi ukiliwa kwa mkupuo huchachuka upesi, rumeni hujaa asidi, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Maganda ya ndizi na mabaki ya mchicha ambayo hayajaoza hayana tatizo hilo.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Vifuko laini visivyo na mikono, vile vya kufungia karanga na nyanya, bado vimejaa majumbani, na ndivyo vinavyofungiwa makombo siku hizi. Makombo na yamwagwe kwenye ndoo yenye mfuniko, na kifuko kisuuzwe kabla ya kutupwa, ili kisibaki na harufu ya kumwita mbuzi. Mnyama aliyevimba ubavu wa kushoto na kuacha kucheua aitiwe mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo, naye aelezwe alikokuwa akizurura.